Kinyonga kwenye Bereti ya Sajini

Mpumudde, Jinja
Jumapili, 11 Februari 2024

Mjomba Wahab,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na Bi Hajara, pamoja na wale kuku wako unaowaita kikosi. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu; jioni akialikwa harusini linapona. Anakusalimu na anauliza kama bado unakataa kununua simu. Nimemjibu kwamba kwako simu ni chombo cha kutangazia vifo, na jambo lenye maana huandikwa likatiwa sahihi. Basi nimeandika. Sulait, dereva wa teksi, ataipakia Bugembe na kukufikishia Namakwekwe. Namshuku anazisoma barua zetu, lakini hatozi nauli yake.

Sasa neno lenyewe. Unajua nafundisha biolojia. Mwaka jana nilianzisha klabu ya filamu za mazingira, kila Ijumaa saa tisa, wanafunzi kumi na wawili na kamera moja. Ni watoto wa mjini hasa. Babirye anaishi hatua chache kutoka mto Naili na hajawahi kuugusa. Kato aliniuliza, kwa dhati kabisa, ndege wa porini ni mali ya nani. Filamu yetu ya kwanza ilimhusu kaloli, yule ndege mkubwa wa majalalani, akijaribu kumeza ndara kwa dakika tisa. Mimi niliona ni kazi nzuri. Mwalimu mkuu alisema kaloli anamwona bure langoni kwake, na ndara pia.

Ameniwekea sharti. Tarehe 20 Julai ni siku ya wazazi. Siku hiyo nionyeshe filamu ya maumbile yenyewe, yenye majani, ama saa yetu ya Ijumaa iende kwenye marudio ya hisabati na kamera irudi kabatini. Hatanii. Amekwisha kumpata mwalimu wa hisabati.

Ndipo nikakukumbuka. Nani mwingine katika ukoo wetu alilala siku arobaini katika misitu ya mlima Elgon, akala mizizi, akamfuata chui kwa harufu? Nilikuwa na miaka saba ulipokuwa ukitusimulia. Nilikaa chini ya meza nisikose neno. Sijawahi kukuambia, lakini hiyo ndiyo sababu nafundisha biolojia. Tupandishe Wanale, ule mlima ulio juu ya mji wenu, siku moja tu, Mjomba. Utuongoze, watoto wapige filamu. Sina mtu mwingine.

Mpwa wako,
Ramlah


Namakwekwe, Mbale
20 Machi 2024

Kwa Mwalimu Ramlah,

Salamu kwanza, taarifa baadaye. Wa alaikum salaam. Tuko wazima. Tumo ndani ya mfungo na Bi Hajara anapika futari ya kulisha kambi nzima. Kuku mmoja ametoroka na amerudishwa. Mpe pole mama yako kwa goti.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nachunguza hali. Taarifa yangu ni hii. Kwanza, mvua zimeanza na mlima unateleza. Pili, buti zangu haziko tayari. Moja Bi Hajara ameipandia vitunguu. Tatu, wanyama wa mlimani wamehama, nimepata habari hizo kutoka kwa watu wa kuaminika. Mwisho, mengi niliyoyafanya msituni ni siri ya jeshi, na kamera haina mdomo wa kufungwa.

Nakushauri mpige filamu ya Naili, ambao mnao hapo hapo. Kama mwalimu wako mkuu anataka porini, jogoo wangu ana tabia za porini kabisa. Waulize majirani.

Mjomba wako,
Sajini (mstaafu) Wahab


Mpumudde, Jinja
27 Machi 2024

Mjomba wangu,

Funga njema. Mama ameanza kushonesha nguo za Idi na tayari amegombana na fundi wa pili. Mimi nina mafua.

Nimeisoma taarifa yako. Mvua: tutakuja likizo ya Mei, na ikinyesha tutalowa. Buti: nimenunua jozi mpya sokoni, namba nane, Sulait anayo. Wanyama: hata mende wa mlimani atatutosha. Siri ya jeshi: hatutakuuliza habari za vita, tutakuuliza habari za ndege na miti. Ama jogoo wako, namheshimu, lakini wazazi hawatakuja kutoka Bugembe na Walukuba kumtazama.

Jambo moja limenishangaza. Nilipomwambia Mama kwamba utatuongoza msituni, alicheka mpaka akakaa chini. Nikamuuliza kulikoni. Akasema nisimuulize, nikuulize wewe. Basi nakuuliza.

Nimempigia Bi Hajara, ambaye yeye haogopi simu. Amekubali kwa niaba yako. Ni Jumamosi, tarehe 11 Mei.

Ramlah


Namakwekwe, Mbale
14 Aprili 2024

Kwa Mwalimu Ramlah,

Idi mubarak. Tumekula vizuri na tumbo langu limelalamika siku mbili. Buti zimefika, zinabana.

Mama yako anacheka kwa sababu alizaliwa akicheka. Usimjali.

Maadam amri imetoka kwa Bi Hajara, nitatii. Lakini msituni kiongozi ni mmoja. Wanafunzi watajipanga mistari miwili. Atakayezungumza bila ruhusa atabeba maji ya wenzake. Nikiulizwa swali nitajibu "ndiyo", "hapana" au "endelea kutembea". Kamera isinielekee usoni, maana uso wangu una historia.

Nimeanza mazoezi. Jana nilitembea hadi stendi ya teksi na kurudi.

Sajini Wahab


Mpumudde, Jinja
19 Mei 2024

Mjomba mpendwa,

Assalamu alaikum. Tulifika salama, na Babirye amepona. Mama yake ameahidi kwamba mtoto hatakula tena fenesi zima kabla ya safari. Mama yangu anakusalimu na anataka kujua yote, naye tayari anacheka.

Asante, kwanza. Asante ya kweli. Sasa niseme na mengine, kwa kuwa mimi nilibaki chini sokoni nikimshika Babirye kichwa, na mambo ya juu nimeyasikia kwa watu.

Nimetazama picha zote alizopiga Tamim, mwanafunzi aliyeshika kamera yetu. Kuna visogo vya wanafunzi wakitembea kwa mistari miwili. Kuna filimbi yako. Kuna "kushoto, kulia" kwa saa moja na dakika ishirini, na wimbo ambao sitauweka mbele ya wazazi. Kila mahali kuna majani yanayotikisika, yaani kuna kiumbe alikuwapo na amekimbia. Kato alibeba kinasa sauti kilomita sita na hakurekodi ndege hata mmoja aliyebaki kukusikiliza.

Kisha akaja Norman, mwenyekiti wa kijiji, akanikuta sokoni anatoka jasho. Akaniambia, "Mwalimu, watu yangu nasikia Swahili ya jeshi huko juu, nakimbia na ng'ombe. Mzee moja iko chini ya kitanda, nakataa kutoka." Nilimweleza kwamba si askari waliokuja kupora, ni mjomba wangu na watoto wa shule. Alinitazama, akaangalia kadi yangu ya ualimu, akaniuliza, "Sasa kwa nini hapana tembea kama watu?" Mwishowe alicheka, akapanda kuwatuliza watu wake, na watoto wakateremka naye. Wewe na mwanafunzi wangu Swabrah mkachelewa.

Mlipofika saa moja baadaye, ulikuwa umevua bereti. Ulipanda kiti cha nyuma kabisa mpaka mjini. Nilidhani umechoka. Lakini sasa naona kuna jambo, kwa sababu Swabrah alikuwa na kamera ya pili, ya kuazima, na hataki kunipa kadi yake yenye picha. Nimembembeleza, nimemkaripia. Anasimama wima na kusema, "Mwalimu, nilimwapia Sajini. Yeye mwenyewe ndiye atakayeniachilia." Ananiambia jambo moja tu, kwamba ndani ya kadi kuna filamu nzuri kuliko zote alizowahi kuona. Swabrah hasifii vitu ovyo. Mwaka jana aliyapa machweo alama nne kwa kumi.

Mjomba, bila kadi hiyo nina visogo. Mwandikie anipe, tafadhali.

Ramlah


Namakwekwe, Mbale
2 Juni 2024

Kwa Mwalimu Ramlah,

Tuko wazima. Mahindi ya Bi Hajara yametoa ndevu. Yule kuku aliyetoroka ametoroka tena, safari hii na mwenzake, na nimefanya uchunguzi. Bomba la maji mtaani limepasuka na vijana wameligeuza mahali pa kuoshea bodaboda. Nilikwenda kwa fundi kunyoosha buti, bado zinabana. Sheikh anaumwa jino.

Goti la mama yako lichuliwe kwa mafuta ya moto.

Yule Swabrah ni askari kweli. Wangekuwa wengi kama yeye.

Kuhusu kadi, sina la kuongeza. Ingefaa ichomwe.

W.


Mpumudde, Jinja
30 Juni 2024

Mjomba,

Hii ni barua ya tatu tangu ile yako ya mwanzo wa mwezi. Sulait anaapa kwamba zote amekupa mkononi, na kwamba ulizisoma mbele yake na kumuuliza bei ya nyanya Jinja.

Mwalimu mkuu amekwisha kubandika ratiba mpya. Ijumaa saa tisa, hisabati. Ameiandika kwa penseli, anasema kwa ajili ya huruma.

Nitakuambia kitu kimoja kisha ninyamaze. Kato, yule aliyeuliza ndege ni mali ya nani, sasa anaamka alfajiri na kwenda jalalani na kinasa sauti. Anasema anawatambua kaloli watatu kwa jinsi wanavyogonga midomo. Amewapa majina. Babirye alishuka mtoni Jumapili, akatia mkono majini, akaniletea konokono kwenye kikopo cha mtindi. Hawakuona mnyama hata mmoja huko Wanale, na bado wamerudi hivyo. Ningeuliza walichokiona, lakini naona wote wanamtazama Swabrah, na Swabrah anatazama dari.

Sitamlazimisha mtoto avunje kiapo. Na wewe sitakubembeleza tena. Nina hasira na wewe na sioni sababu ya kuificha.

Ramlah


Namakwekwe, Mbale
11 Julai 2024

Ramlah mwanangu,

Leo sianzi na kuku.

Ulipobaki na mtoto mgonjwa, sisi tulifika kwenye zile nyumba za juu. Nilikuwa napiga filimbi na kutoa amri kama nilivyozoea kuwasikia wengine wakitoa. Milango ikafungwa. Ng'ombe wakapitishwa migombani. Mwanamke mmoja, mkubwa kuliko mimi, miguu ilimkatalia kukimbia. Akapiga magoti njiani, akaninyooshea kuku wake kwa mikono miwili. "Afande, kamata hii. Hapana ingia ndani."

Maisha yangu yote nilitaka mtu aniogope hivyo. Aliponiogopa niliitoa filimbi mdomoni. Nilimwinua, nikamwambia mimi si afande wa mtu. Hakuniamini, na kuku hakumrudisha chini mpaka Norman alipofika. Watoto wakashuka na Norman. Mimi nikakaa kwenye jiwe. Swabrah alikataa kuniacha.

Hapo tawi likatikisika na kitu kikatua kwenye bereti yangu. Swabrah akasema polepole nyuma ya kamera, "Sajini, usisogee. Ni kinyonga." Unajua tulivyolelewa. Bibi yako alituapia kwamba kinyonga akikupanda kichwani humalizi mwezi. Nilimwona kwa jicho moja, mkono wake unashuka karibu na nyusi zangu, una vidole viwili viwili kama koleo. Nikajua nimekwisha. Na mtu aliyekwisha anadanganya ili apate nini?

Nikamwambia msichana yule nilivyoona aibu kwa yule mwanamke na kuku wake, na kwamba jeshini nilikuwa mpishi. Miaka tisa, masufuria mawili, ugali wa posho na maharage. Sijalala msituni hata mara moja. Siku arobaini zile zilikuwa za mtu mwingine, alizisimulia akisubiri nimwongezee mchuzi. Chui pia alikuwa wake, na hata yeye nadhani alimwazima. Mimi nilirudi nyumbani nikamkuta mpwa wa miaka saba chini ya meza, macho yamemtoka ananisubiri, nikashindwa kumwambia habari za maharage.

Kisha, ili nisimfikirie yule mnyama, nikaanza kumtajia Swabrah majani yaliyokuwa karibu nasi. Lipi nilichemsha gari la chakula lilipochelewa. Lipi linauma ulimi. Uyoga upi uliwalaza askari sita, nami nikasingizia maji. Hayo ndiyo ninayoyajua mimi. Swabrah anasema zilikuwa dakika kumi na moja. Kinyonga akashuka begani, akaingia kwenye kichaka bila haraka yoyote. Nikamwapisha mtoto palepale.

Mwezi umekwisha na sijafa. Wa pili nao umekwisha. Kwa hiyo nalazimika kuishi na niliyoyasema.

Wiki zote hizi nilikuwa napima klabu yako na jina langu, na kila siku jina lilikuwa linashinda. Juzi Bi Hajara akaniuliza, jina gani? Alisema Namakwekwe nzima inajua nilikuwa mpishi. Wananiita Sajini kwa sababu naitika. Mama yako anajua tangu zamani. Aliyekuwa hajui ni wewe peke yako, na mimi nilitaka ubaki hivyo mpaka mnizike.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya Swabrah. Mpe mkononi. Filamu ionyesheni yote, msikate kitu.

Mjomba wako,
Wahab

(Karatasi iliyokunjwa ndani ya bahasha)

Kwa Swabrah. Kiapo ulichokula tarehe 11 Mei kimefutwa kuanzia leo. Mkabidhi mwalimu wako kadi. Umefanya kazi vizuri. Wahab, mpishi.


Mpumudde, Jinja
21 Julai 2024

Mjomba wangu,

Barua yako niliisoma mara moja nikaikunja, nikakukasirikia siku tatu. Nilihesabu kila nilichokichagua maishani kwa sababu ya chui yule. Siku ya nne nilitazama kadi ya Swabrah peke yangu, na hasira ikaniishia pale uliposema habari za meza. Nililia, nakuambia wazi.

Jana ukumbi ulijaa. Tulitundika shuka ukutani. Kinyonga alipotua kwenye bereti, wazazi walipiga kelele na mama mmoja wa Mpumudde alitoka nje, akawa anachungulia dirishani. Walikucheka sana, Mjomba, sitakuficha. Walicheka jicho lako likimfuata. Swabrah amemchukua kinyonga karibu mno, ngozi yake inageuka kutoka kijani kuwa kahawia kando ya sikio lako, na midomo yako inatetemeka chini yake. Kisha ukaanza kusema, na kicheko kikapungua. Uliposema habari ya mwanamke na kuku wake, wazee wawili nyuma waliinamisha vichwa.

Ilipokwisha, baba mmoja alisimama kuuliza jina la jani linalouma ulimi. Kabla sijajibu, bibi mmoja kutoka Bugembe akasema kwao linachemshwa na magadi na haliumi hata kidogo. Mwingine akambishia. Wakabishana kuhusu majani nusu saa nzima, na wanafunzi wangu wakawarekodi. Mwalimu mkuu alijaribu kufunga mkutano mara tatu. Mwishowe alinijia akasema filamu ina majani ya kutosha, akatoa kifutio mfukoni. Ijumaa ni yetu.

Mama alikaa mstari wa mbele. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Alisema tu, "Ameusema ukweli, hatimaye."

Hadithi zako za msituni nilizipenda, na bado nazipenda. Lakini yule mtu aliyekaa kwenye jiwe sikuwa nikimjua, na nimeishi miaka thelathini bila yeye. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko uongo wenyewe. Watoto wanakuomba uje Ijumaa saa tisa uwafundishe yale majani. Mimi naomba zaidi yao. Njoo.

Ramlah


Namakwekwe, Mbale
Jumatatu, 22 Julai 2024

Ramlah,

Sulait ananisubiri, injini inawaka, kwa hiyo salamu nitakuja nazo mwenyewe.

Nitafika Ijumaa. Sufuria naleta yangu. Buti siji nazo.

Ila tuma mtu anipokee Bugembe, pale teksi zinaposhusha. Miaka yote nimewaambia watu kwamba Jinja naijua kichochoro kwa kichochoro. Siijui.

Mjomba wako,
Wahab